Siku Mwalimu Aliporudia Somo la Nyota

Mume wangu alifundisha fizikia hapa Morogoro mpaka alipostaafu, na kati ya masomo yote aliyofundisha, moja ndilo lililompa jina mjini: somo la nyota zinazolipuka na vumbi linalotokana nazo. Halikuwemo kwenye mtihani. Alilifundisha mwishoni mwa kidato cha nne, wanafunzi wakiwa wameshachoka na marudio, na alilifundisha kwa koroboi na sahani nyeupe ya bati. Mpaka leo nikienda Mwembesongo kununua uzi na zipu, naweza kusimamishwa na baba mzima mwenye kitambi chake, anipe shikamoo, halafu aulize, "Mwalimu hajambo? Bado anachoma sahani?"

Mimi ni fundi cherehani. Fizikia sikuisoma. Ila somo lile nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua nyimbo za kanisani, maana kila mwaka alilifanyia mazoezi sebuleni, mimi nikiwa naweka pindo. Nyota kubwa, kubwa kuliko jua letu mara nyingi, hupika tumboni mwake. Inaanza na hidrojeni, inapata heliamu, inaendelea na kaboni, oksijeni, silikoni, mpaka inafika kwenye chuma. Chuma hakiungui kikatoa joto zaidi. Hapo nyota inakosa cha kuishikilia, kiini chake kinaporomokea ndani kufumba na kufumbua, na sehemu za nje zinarushwa huko angani. Akifika hapo ndipo alipowasha koroboi, akashika sahani juu ya mwali, akaigeuza watu waone doa jeusi.

"Masizi haya yalikuwa wapi sasa hivi?"

"Kwenye mafuta!" darasa linajibu.

"Kwenye mafuta kuna masizi? Njoo uchovye kidole."

Hapo ndipo anapowaeleza kwamba gesi ya moto ikikutana na ubaridi, chembe zake hushikana. Na kwamba huko angani ni vivyo hivyo, ila sahani hakuna, kuna ubaridi mtupu.

Ugonjwa wake ulianza polepole. Siku moja alitoka kununua mkate, akachelewa, nikapigiwa simu na kondakta wa basi kutoka stendi. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dirishani, mkate mapajani, anasema anawahi Dumila kwenye kipindi cha kwanza. Dumila ndiko alikoanzia kazi, kabla hata hatujaoana. Daktari alituambia jina la ugonjwa na akatuambia hauponi. Mimi nikarudi nyumbani nikawaambia majirani ni presha. Presha ni ugonjwa wenye heshima zake. Kila mtu anayo, hakuna anayekuchungulia dirishani.

Kwa hiyo mkuu wa shule alipokuja nyumbani hakuwa na habari. Ni mama wa makamo, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, na alikaa kwenye kochi letu magoti pamoja kama bado yuko kidato cha nne. Alitaka Mwalimu aje kwenye mahafali atoe lile somo, kwa ufupi tu, wazazi nao walione. Mume wangu akafurahi mpaka akasimama. Mimi ndiye niliyepaswa kumsindikiza yule mama mpaka getini na kumnong'oneza ukweli. Nilimsindikiza. Tukaongea habari za bei ya mchele. Nilitaka watu wamwone tena kama walivyokuwa wakimwona, na labda nilitaka wanione na mimi, mke wa Mwalimu, niko mstari wa mbele na kitenge kipya nilichokishona mwenyewe.

Tulifanya mazoezi wiki nzima. Asubuhi alikuwa mzuri. Jua likipanda ndipo maneno yanaanza kumpotea. Niliomba somo liwekwe mapema kwenye ratiba, na wakaliweka mapema, lakini mgeni rasmi, ofisa mmoja kutoka mkoani, alichelewa, na bila yeye hakuna kinachoanza. Tukakaa chini ya turubai mpaka jua likawa utosini. Nilimwona Mwalimu anaanza kukunja na kukunjua leso yake.

Alipoitwa, watu walipiga makofi kwa nguvu. Akawasha koroboi kwa njiti moja tu. Sauti yake ilikuwa ile ile, ya kumfikia mtoto wa nyuma kabisa bila kupaza. Nyota ikapika, ikafika kwenye chuma, ikaporomoka, ikalipuka. Nikaanza kupumua. Akaigeuza sahani, watu wakaona doa, akauliza swali lake, wakajibu, wakacheka. Halafu akaitazama ile sahani kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha wenyewe.

"Nyota kubwa," akasema, "kubwa kuliko jua letu mara nyingi..."

Akarudia tangu mwanzo. Neno kwa neno, mzaha kwa mzaha, akisubiri kicheko palepale alipokisubiri mara ya kwanza. Watu wachache walicheka kwa adabu. Akafika kwenye sahani, akaishika tena juu ya mwali, akaigeuza, akaanza mara ya tatu. Sasa vijana walikuwa wanakonyezana, na niliona simu zikiinuliwa moja baada ya nyingine. Mgeni rasmi alikuwa ameegemea kiti, mikono mfukoni. Mume wangu akamwona. Akamsogelea na ile sahani nyeusi mkononi.

"Wewe! Toa mikono mfukoni ukiwa darasani kwangu. Simama!"

Turubai zima lililipuka kwa kicheko. Ofisa wa watu akasimama kweli, hajui acheke au akasirike. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, mzazi nisiyemfahamu, akaniinamia na kusema, "Jamani, huyu mzee hana mtu wake hapa wa kumtoa?"

Niliinamisha kichwa nikawa nautazama upindo wa kitenge changu, namna nilivyoukata vizuri maua yakakutana kwenye mshono. Aliyekwenda kumtoa ni mkuu wa shule. Alimshika mkono taratibu, akamwambia, "Mwalimu, kengele imelia, tumeshukuru sana," naye akatii, maana kengele aliiheshimu maisha yake yote. Alipita mbele yangu, vidole vyeusi, shati jeupe limechafuka kifuani. Akaniona akatabasamu.

"Wameelewa?" akaniuliza.

Yule mama wa kando yangu aliniangalia, akaangalia pembeni.

Video ilifika Dodoma kabla sisi hatujafika nyumbani. Binti yetu anayeishi huko alipiga simu akilia, anauliza kwa nini hatukumwambia kwamba baba yuko hivyo. Kwenye makundi ya simu watu walikuwa wameiwekea maneno ya kuchekesha. Wengine walimtetea, wakaandika kwamba mwalimu huyu amewatengeneza, waache utoto. Kumtetea kule nako kuliniumiza, maana ili umtetee mtu lazima kwanza umtaje. Nilifunga kibanda changu cha ushonaji wiki nzima. Kanisani tuliacha kwenda. Mwalimu akitaka kukaa barazani, namwambia kuna vumbi la barabarani, akae ndani. Aliniangalia kwa mshangao kidogo, halafu akakaa ndani. Kumbukumbu ya siku ile kwake ilikuwa imeshafutika. Aibu yote niliibeba peke yangu, na nilimkasirikia kwa kuniachia.

Ndipo nikawaza kumpeleka kwao.

Kwao ni Mgeta, juu kabisa Uluguru. Dada yake yuko huko, mjane, analima kabichi na njegere kwenye miteremko ambayo mimi hata kusimama naona kizunguzungu. Nilimpigia wifi yangu nikamwambia tunakuja kupumzika siku chache. Nikasema na dereva mmoja anayeteremsha mboga sokoni na kurudi mtupu, akatuweka mbele, tukakata njia ya Mzumbe tukaanza kupanda. Mwalimu alikuwa na furaha. Alinionyesha kila mto na kuutaja, na yote aliitaja sawasawa. Mimi nilikuwa nimelikumbatia begi, najua nilichokiweka ndani yake.

Wifi alitupokea kwa kelele na vigelegele, akamkumbatia kaka yake, akaongea naye Kiluguru cha haraka ambacho miaka yote sijakishika vizuri. Mwalimu akamjibu vilevile haraka. Sikumsikia akipoteza hata neno moja. Asubuhi yake ukungu ulikuwa umeingia mpaka mlangoni. Wifi akaniambia nikae nipashe moto miguu, yeye anapanga nguo za kaka yake. Nilitaka kumwambia aache nitapanga mwenyewe, nikachelewa. Akaingia chumbani. Akakaa kitambo. Nikasikia hatua zake zikirudi, akasimama mlangoni na koti la suti ya Mwalimu mkononi, lile alilooa nalo, ambalo nimelifumua na kulishona upya sijui mara ngapi.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "umeleta hadi suti."

Nilisukuma ukuni motoni.

"Masweta yote. Viatu vya kanisani. Vyeti vyake vya kazi vimo kwenye mfuko wa nailoni. Siku chache gani hizi?"

"Nisamehe, wifi."

"Mimi sijakwambia umekosa. Huyu ni wa kwetu. Tumbo lililomzaa ndilo lililonizaa, na nyumba hii ni ya mama yetu. Akitaka kukaa, hakuna wa kumwuliza. Lakini ungesema. Kabichi tu ndiyo inayopakiwa kwenye gari bila kuambiwa inakokwenda."

Akarudi chumbani akamalizia kupanga, suti akaitundika kwenye msumari. Mimi nilibaki pale jikoni nimetazama moto. Nimeshawahi kuona aibu mbele za watu wengi, na nimeshasimulia hapo juu. Ile ya mbele ya mtu mmoja ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu yule mtu mmoja hakucheka.

Mchana wanawake wa jirani walikuja kumsaidia wifi kumenya njegere za kupeleka sokoni. Tulikaa jikoni kwa sababu ya baridi, njegere zimemwagwa kwenye turubai katikati, Mwalimu ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga. Jiko la wifi ni la kuni, la miaka mingi, na boriti zake zimevaa masizi mazito yanayoning'inia kama manyoya. Nilimwona Mwalimu anatazama juu. Nikajua. Nikatamani nimtoe nje, nikaangalia ukungu, nikaona hakuna pa kumpeleka.

"Haya masizi," akawauliza wale wanawake, "yalikuwa wapi kabla hamjawasha moto?"

Mmoja wao, mama mnene mwenye kilemba cha manjano, akacheka. "Kwenye kuni, Mwalimu."

"Kata ukuni uone kama kuna masizi ndani."

Basi akaanza. Nyota kubwa, kubwa kuliko jua letu mara nyingi. Wakawa wanamenya na kumsikiliza. Akafika kwenye chuma, kiini kikaporomoka, na palepale, kabla ya mlipuko, akakwama. Akasugua magoti yake. Nilisubiri, mikono imeganda juu ya njegere.

"Nyota kubwa," akasema tena, "kubwa kuliko jua letu..."

Joto likanipanda usoni mpaka masikioni. Wale wanawake walishusha macho kwa heshima, na heshima yao ikanichoma. Nikaona heri nimmalizie mimi, yaishe. Nikasema haraka haraka, kama mtu anayefunika chungu, "Halafu nyota ikalipuka, vumbi likaruka kila mahali, ndiyo dunia ikatokea. Haya, tumeelewa, ahsante Mwalimu."

Akanigeukia.

"Nani amesema vumbi?"

"Si wewe..."

"Mimi sijasema hivyo. Nyota ikilipuka hakuna vumbi. Vumbi litakaaje kwenye moto ule? Kinachoruka ni gesi. Gesi ya moto mno, inakwenda mbio, inatanuka. Na ikitanuka inapoa. Ndipo baadaye, miezi, hata miaka, kaboni inashikana na kaboni, silikoni inashikana na oksijeni, punje ndogo kuliko za moshi huu. Vumbi linakuja baadaye! Sasa wewe umelirusha kabla halijatengenezwa."

Wanawake wakaangua kicheko, na safari hii aliyechekwa nilikuwa mimi. Wifi alicheka mpaka akaangusha ganda. Mwalimu hakucheka, alikuwa amenikazia macho yale ya darasani, macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu mahafali, na kabla ya hapo kwa muda mrefu.

Mama wa kilemba cha manjano akauliza, "Lakini Mwalimu, huko si mbali? Wanajuaje kama kuna vumbi, na hawajafika?"

"Swali zuri," akasema, na alilisema kwa namna aliyokuwa akilisema kwa mtoto aliyemfurahisha. "Wanaangalia mwanga. Ile gesi inatanuka pande zote, nyingine inakuja kwetu, nyingine inakwenda upande wa pili. Vumbi likishajitengeneza katikati, linauziba mwanga wa upande wa pili. Unafifia. Ni kama leo, mlima ule upo, lakini ukungu umeuziba, siyo? Halafu vumbi lenyewe lina joto kidogo, na kuna darubini zinazoona joto badala ya mwanga." Akatulia. Nilidhani amepotea, lakini alikuwa anapanga. "Na halibaki lote. Mshindo wa mlipuko ukigonga gesi iliyotangulia huko nje, unarudi ndani. Ukirudi unalipiga vumbi, punje nyingine zinavunjika zinakuwa gesi tena. Linalopona ni kiasi gani? Wataalamu bado wanabishana. Mimi sijui. Nanyi msimwamini mtu anayewaambia anajua."

Sehemu ile sikuwahi kuisikia sebuleni kwangu. Sijui alikuwa ameisoma lini. Labda aliisoma katika ile miezi ambayo mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba kitabu kikiwa mbele yake ni cha kushikia tu.

Alifika mwisho wa somo, pale anaposema milima, damu yetu na mawe ya mafiga vyote vimetokana na vumbi lile, akasema, "Maswali?" Hakukuwa na maswali. Akaomba maji. Punde si punde alimwuliza wifi kama mama yao ameshatoka shamba, na mama yao amezikwa nyuma ya nyumba ile miaka mingi. Wifi akamjibu, "Bado, kaka. Kunywa maji."

Jioni ile tulitoka mimi na wifi kwenda kukata majani ya mbuzi. Nikamwambia yote: mahafali, video, yule mama aliyeuliza kama mzee hana mtu wake, na mimi nilivyonyamaza. Alikuwa anakata majani bila kusimama.

"Video niliiona," akasema. "Huku nako simu zipo."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe uniambie." Akafunga mzigo wake. "Unamwonea aibu bado?"

Nilitamani kusema hapana, baada ya yale ya jikoni ingependeza kusema hapana. "Ndiyo," nikamwambia. "Na sasa najionea aibu na mimi mwenyewe."

"Basi zitakuwa mbili. Utazibeba. Ila usiku hulali, nimekusikia, unaamka kila anapoamka. Peke yako hutaweza mjini, na huku wewe huwezi kuishi, baridi tu hii inakutoa makamasi. Nitateremka nanyi. Njegere zikishakwenda sokoni, shamba nitamwachia mwanangu."

Nilimkatalia. Nikamwambia hawezi kuacha shamba lake kwa ajili yangu. Akasema si kwa ajili yangu, na akaubeba mzigo akatangulia.

Tuliteremka watatu, mimi na wifi tukiwa nyuma juu ya magunia, Mwalimu mbele na dereva, suti imefungwa tena kwenye begi. Sasa ni miezi kadhaa. Wifi analala chumba cha binti yetu, anamwogesha kaka yake, anabishana naye kwa Kiluguru, na usiku tunapokezana. Joto la mjini linamtesa; nikimwona anajipepea kwa mfuniko wa sufuria huku shamba lake likitazamwa na mwingine, nakosa pa kuweka uso. Kanisani tunakwenda. Mwalimu akisema kitu kwa sauti katikati ya mahubiri, shingo yangu bado inapata moto, sikudanganyi. Majirani nimewaambia kwamba haikuwa presha. Mmoja alinijibu kwamba walijua siku nyingi, walikuwa wananisitiri.

Kibandani kwangu tumemwekea kiti chenye mikono. Juzi nilikuwa na wateja wawili, mabinti wa chuo, wamekuja kupima sare za harusi. Mwalimu akamwuliza dada yake, "Mke wangu amekwenda wapi?"

Wifi akaninyooshea kidole. "Si yule pale."

Akanitazama kwa makini, kuanzia kichwani hadi kwenye futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwangu.

"Yule?" akasema. "Yule ni fundi."

Wale mabinti wakatazamana. Mimi nikasikia uso unawaka kama kawaida yake. Nikatoa mguu kwenye pedeli. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Nikushonee nini?"

Akafikiri. "Suruali ya kazini. Kijivu. Usiibane sana, nasimama siku nzima."

"Simama basi nikupime."

Akasimama, akainua mikono kama wateja wanavyoinua. Nikazungusha futi kiunoni mwake. Amepungua sana. Nikamwomba wifi aniandikie vipimo, nikaanza kuvitaja.